Chini ya Mkeka wa Mbao

Ardhi ya Mombasa bara anaijua mchimba choo kuliko dalali wa viwanja, kwa kuwa yeye ameshuka ndani yake. Atakueleza kwamba Likoni, ukiwa karibu na bahari, jembe hupita mchanga kisha hugonga tumbawe, na tumbawe lile lina matundu yanayoshika maji. Kisauni, ukiteremka upande wa Junda kwenye mikoko, maji humfika magotini kabla shimo halijamfunika kichwa. Changamwe kuna udongo mzito uliozaliwa na mwamba wa kale wa matope yaliyogandamana. Januari hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na Mei huvimba ukanata viatuni. Mvua ya mji huu hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na Mei huchukua fungu kubwa kuliko mwezi mwingine wowote. Barabara zikikauka tunasema mvua imekwisha. Maji yenyewe bado yako chini yetu, na yana safari yao.

Mimi ni mtoto wa Likoni, upande wa Mtongwe. Nilipoanza kazi nilipanga Kisauni, na kwa shangazi yangu Chaani, kule Changamwe, nimelala mara nyingi hata majirani wakanihesabu mwenyeji. Nyumba zote hizo zilikuwa na unyevu wa chini ya sakafu, kila moja kwa namna yake, lakini iliyonifunza ni ya nyumbani.

Baba aliianza kwa udongo na fito, akaiezeka makuti, kwa mpango ule ule wa nyumba ya Kiswahili unaojulikana pwani nzima: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Kila alipopata ziada aliongeza kitu. Mabati yakachukua nafasi ya makuti, mawe ya matumbawe yakachukua nafasi ya fito, na mwisho ikaja sakafu. Ile sakafu naikumbuka ikimwagwa. Udongo ulipigwa kwa gogo mpaka ukatoa mlio mkavu, kisha ikamwagwa zege nyembamba, unene wa vidole viwili hivi, ikasuguliwa kwa mwiko pamoja na unga wa rangi nyekundu. Chini yake hapakuwekwa mawe wala nailoni. Ilipokauka mama aliipaka nta na kuisugua kwa matambara mpaka ikang'aa, na sisi watoto tukakatazwa kuingia na viatu.

Kwa miaka mingi ilitutosha. Masika yakija ilikolea wekundu, ikawa baridi miguuni, na asubuhi nyingine ungeona alama ya unyayo wako. Nyanya yetu alijua la kufanya. Mikeka ya ukindu ilikunjwa kila kukicha, ikaanikwa uani kwenye kamba. Magodoro yaliegemezwa ukutani jua likipita dirishani. Masanduku ya nguo yalikaa juu ya matofali. Hakuna aliyetueleza sababu, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila nyumba mtaani ilifanya vivyo hivyo. Kaskazi ikianza kuvuma, mwezi wa Desemba, sakafu ilirudi wekundu wake wa kawaida. Maji yalikuwa yakipanda, lakini yalikuwa na mahali pa kutokea. Yalipita kwenye zege, yakapita kwenye nyuzi za mkeka, yakachukuliwa na upepo.

Mkeka wa mbao uliingia kwetu wakati wa harusi ya mpwa wangu. Msomaji wa Kenya anaujua: ni bunda la plastiki lililochapwa michoro ya mbao, linauzwa kwa mita, na fundi huutandika chumba kizima kabla chai haijapoa. Dada yangu mkubwa aliununua kwa fedha ya chama chake ili mama apokee wageni kwenye nyumba iliyopambwa. Tukautandika ukumbini na chumbani kwa mama, kingo zikapakwa gundi na kubanwa ukutani barabara. Sakafu kuukuu yenye nyufa ikatoweka machoni. Mama alikaa kitandani akautazama, akasema, “Mwanangu, leo nami nina nyumba.” Neno lile nimelihifadhi, na ndiyo sababu siwezi kuwasikiliza wanaowabeza watu kwa kupenda vitu hivi. Mtu aliyesugua sakafu ya sementi maisha yake yote ana haki ya kutaka kitu laini chini ya miguu.

Masika yaliyofuata yalileta harufu. Kwanza tulidhani ni kabati, tukatoa nguo zote tukazianika. Kisha kanga za mama zilizokuwa kwenye droo ya chini kabisa zikaota madoadoa meusi. Miguu ya kitanda ikavimba na kupasuka rangi. Baadaye mama akaanza kukohoa usiku, kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na mjukuu aliyekuwa akilala naye akaanza kubanwa na kifua. Tukampeleka zahanati, akawekwa kwenye mashine ya mvuke, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akabanwa tena. Safari iliyofuata tulimkuta daktari mwingine, kijana mpole, ambaye kabla ya kugusa kipimo chochote alimuuliza mama, “Mtoto alala wapi?” Mama akamjibu. “Chini pana nini?” Mama akamjibu tena. Yule kijana akatuambia tukifika nyumbani tufunue.

Tulifunua siku ile ile. Kona ya nyuma ya kitanda ilikuwa imeshikana na sakafu, na nilipoivuta ilitoka na sauti ya kitu kilicholowa. Gundi ilikuwa imerudi kuwa uji. Upande wa chini wa mkeka, ule wenye nyuzi, ulikuwa mweusi kabisa kwa upana wa kitanda, na pembezoni mwa weusi kulikuwa na kijani, na pembezoni mwa kijani kulikuwa na weupe wa pambapamba. Juu ya sakafu yenyewe matone ya maji yalisimama yakiwa safi, yanang'aa. Karibu na ukuta chumvi ilikuwa imeota kama manyoya meupe, na plasta ilibonyea kidole kilipoigusa. Mama alisimama mlangoni amejifunika pua kwa upindo wa mtandio, mjukuu amemshika mkono. Nilimwomba atoke na mtoto. Hakubishana.

Kuvu si uchafu, na hili nataka lieleweke kwa kuwa wanawake wengi huumia kwa aibu isiyo yao. Mama alisafisha nyumba ile kila siku ya Mungu. Chembe za kuvu zimo hewani kote, ndani na nje, katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Zinachohitaji ni unyevu, chakula kidogo, na utulivu. Vumbi ni chakula chao, gundi ni chakula, nyuzi za pamba, karatasi, mbao. Kitu kikilowa na kisikauke kwa muda wa saa 24 hadi 48, kuvu huweza kuanza kukua. Joto letu la pwani kuvu hulipenda kama sisi tunavyolipenda. Sakafu ya baba ilikuwa na maji tangu zamani, na chembe zilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba plastiki ilifunga mlango, maji yakakusanyika, na chini yake pakawa giza lisilopita upepo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009. Liliukusanya ushahidi wa nchi nyingi na kusema kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu wanakabiliwa zaidi na maradhi ya njia ya hewa na pumu, na kwamba dawa ya kwanza ni kuuzuia unyevu wenyewe. Yule daktari wetu wa zahanati hakutaja mwongozo wowote. Aliuliza mtoto alala wapi, na swali hilo natamani lingeulizwa katika kila zahanati kuanzia Shika Adabu hadi Mwakirunge.

Habari ilipoenea mtaani, kila aliyekuja alikuja na dawa. Mmoja alisema tumwage jiki sakafu nzima na tufunge madirisha. Mwingine alisema tumwage sementi mpya juu ya ile ya zamani. Wa tatu alijua rangi ya mafuta inayozuia kila kitu. Wote walitutakia heri. Lakini wote walikuwa wakiuzungumzia weusi, na mimi nilikuwa nikiyafikiria yale matone safi.

Tulimwita fundi wa zamani, Mdigo wa Mtongwe huko huko, aliyefanya kazi na baba. Alikuja na mfuko wake wa vyuma, akauweka chini, hakuufungua. Alivua viatu, akatembea ukumbini na vyumbani akiikanyaga sakafu polepole. Kisha akaomba kipande cha nailoni safi, kile cha kufunikia magodoro, akakikata mraba, akakibandika sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, mahali tulipokwisha kupakausha kwa feni. Akabandika kingine ukumbini na kingine ukutani. “Musipake kitu,” alisema. “Kesho natazama.” Kesho yake nailoni za sakafuni zilikuwa na jasho upande wa chini, na ile ya ukutani ilikuwa na jasho mpaka usawa wa goti, juu ya hapo ilikuwa kavu.

“Fundi, waniambia nyumba yangu yanywa maji?” mama alimuuliza.

“Yanywa, bi mkubwa. Na sasa tutafute amwagiaye.”

Akazunguka nje. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu mafundi wengi huishia chumbani. Alituonyesha kwamba paa letu halina mfereji, kwa hiyo maji yote ya mabati yanadondoka futi moja kutoka ukutani na kuchimba kijito chake mwenyewe. Alituonyesha shimo la maji ya bafuni, ambalo lilijaa miaka mingi iliyopita na sasa lilikuwa likimwaga chini kwa chini kuelekea chumba cha mama. Kisha akatuita kwenye baraza. Nilipokuwa mdogo tulipanda ngazi mbili kuingia ndani. Ngazi moja ilikuwa imezikwa. Kijia cha mbele kilijazwa kifusi kila baada ya mvua kubwa, mvua zile za El Niño za mwishoni mwa 1997 na nyingine baada yake hadi zile za Novemba 2023, na jirani wa kulia alipojenga aliinua kiwanja chake. Hakuna aliyetudhuru kwa makusudi. Lakini mwaka baada ya mwaka nje ilipanda na sisi tukabaki, na sasa sakafu yetu ilikuwa karibu sawa na njia ya maji.

Namna maji yanavyopanda ni rahisi kuiona. Acha upindo wa kanga ndani ya beseni usiku kucha, asubuhi utakuta maji yamefika mbali juu ya beseni bila mtu kuyabeba. Zege, plasta na tumbawe vina vijitundu vidogo vinavyofanya kazi ile ile ya nyuzi za kanga, na kadiri tundu linavyokuwa jembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Yakipanda hubeba chumvi ya ardhini, na kama mchanga wa ujenzi ulichotwa ufukweni, chumvi imo tayari. Maji yakikauka chumvi hubaki, hukua, na husukuma plasta mpaka ikapukutika. Tena chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana kuta nyingine Likoni hulowa hata wakati ambapo haijanyesha.

Wazee wa pwani hii walilijua tatizo hilo kabla ya sementi. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji uliofukuliwa na James Kirkman kuanzia 1948 na uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Utaona nyumba za mawe ambazo ua wake umechimbwa chini ya usawa wa vyumba, ili maji yashukie uani. Kuta na sakafu zilipakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Ni laini, inahitaji kupakwa upya, lakini haiyafungi maji ndani. Huko Zanzibar, mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliyoanzishwa 1985 imekuwa ikipambana na plasta za sementi juu ya kuta za mawe na chokaa, kwa kuwa sementi inafungia maji na chumvi, na ukuta unaozea ndani huku nje unapendeza. Na sisi hapa Mombasa tuko mlangoni pa kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa sementi mwaka 1954 kutokana na matumbawe hayo hayo. Sementi imetujengea nyumba na sitaisema vibaya. Lakini ilipokuja tulitupa maarifa ya chokaa yote kwa mkupuo mmoja.

Kwa shangazi Chaani hali ilikuwa tofauti. Mume wake alijenga kwa kufuata kanuni, akatandika nailoni chini ya zege. Udongo wa Changamwe ukavimba na kunywea, zege ikapasuka katikati ya sebule, nailoni ikachanika pamoja nayo, na unyevu ukapanda kwa mstari ulionyooka kufuata ufa. Kwenye udongo ule msingi unapaswa kuchimbwa hadi kupita tabaka linalocheza, au udongo uondolewe na mawe yajazwe. Tiba ya Likoni haikuwa tiba yao.

Kisauni ndiko kulikonikasirisha. Nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa, na kabla sijahamia ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya nzuri ya maziwa. Masika yalipoanza rangi iliota vipele, vipele vikapasuka, na nyuma yake palikuwa na weusi wa wapangaji waliotangulia, tabaka juu ya tabaka. Niligundua kwamba kila mpangaji aliyeondoka aliacha rangi mpya nyuma yake. Chumba cha pili aliishi mama mmoja na mwanawe mwenye pumu. Alilalamika, akaomba sakafu itazamwe, akajibiwa kwamba wenye shida na nyumba wahame. Alihama kweli, na mwezi haukuisha kabla chumba hakijapakwa rangi na kupata mtu. Kumkodisha mtu chumba ambacho unajua kinamwondolea pumzi mtoto wake ni dhuluma, na rangi inayopakwa ili asijue inaizidisha.

Uingereza, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wazazi wake watu wa Sudan, alifariki Desemba 2020. Baba yake alikuwa ameilalamikia kuvu ya nyumba yao ya kupanga kwa miaka. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kuvu hiyo ndiyo iliyosababisha kifo, na mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayobeba jina lake, ya kuwalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda maalumu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vinavyostahili vya usafi. Maneno ni mazuri. Lakini sijamwona mpangaji wa Kisauni ambaye anajua ni ofisi gani angebisha hodi akiwa na kipande cha plasta nyeusi mkononi, na kaunti ingeweza kumwonyesha mlango huo bila kungoja bunge.

Usiku mmoja wa matengenezo nilimuuliza mama kwa nini baba, mtu aliyepima kila msumari, alimwaga sakafu nyembamba vile. Hakuhitaji kufikiri. “Babako alisema, siziki pesa zangu kwenye ardhi ya mtu.”

Hapo ndipo nilipoona shimo linavyokwenda mbali. Ardhi ile haikuwa na hati. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao yaandikishwe, na ambako dai halikuthibitishwa ardhi ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Wenyeji wengi walibaki wakilima na kujenga mahali ambapo karatasi ilisema ni pa mwingine. Hadi leo Mombasa ina maelfu ya watu wanaomiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hulipa kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi akiuza, nyumba hubomolewa. Hapa Likoni kila mtu anaijua habari ya shamba la Waitiki, ekari 930, lililokaliwa na maskwota kwa miaka mingi mpaka serikali ilipolinunua na hati kuanza kutolewa Januari 2016.

Mtu aliye katika hali hiyo hujenga juu. Mabati utayang'oa, milango utaing'oa, madirisha utayapakia mkokoteni. Lakini mawe ya msingi, nailoni iliyozikwa, zege ya inchi nne, hivyo hubaki kwa mwenye ardhi. Kwa hiyo kila kinachozikwa hupunguzwa, na maji hupata njia. Tunawahubiria watu wa bara kuhusu ujenzi bora, tunawapa semina na vijitabu, wakati sakafu nyembamba ni hesabu sahihi kabisa ya mtu asiyejua kama mwaka kesho atakuwepo. Ukitaka nyumba kavu Likoni, anza na hati. Nasema hivi baada ya kuona mitaa ambako hati zimefika: watu huanza kuchimba. Huchimba misingi, mitaro na mashimo ya maji taka, vitu ambavyo havina uzuri wowote wa kuonyesha wageni.

Kwetu hati ilipatikana baada ya baba kufariki, ndiyo maana fundi aliposema tuvunje hatukuogopa. Tulianza na nje, kama alivyotaka. Mfereji ukafungwa kwenye paa, maji yake yakaingizwa kwenye tangi. Shimo la bafuni likafukiwa, jingine likachimbwa mbali, upande wa bondeni. Mtaro ukazunguka nyumba, na kifusi kilichoegemea ukuta kikachotwa mpaka ngazi ya pili ya baraza ikaonekana tena. Ndani hatukugusa chochote zaidi ya kusafisha. Kuvu tuliilowesha kwanza kwa maji ya sabuni ili chembe zisiruke, tukasugua tumefunga barakoa na kuvaa glavu, madirisha wazi, watoto wakiwa kwa jirani. Mkeka ule tuliukunja na kuutupa, maana vitu vyenye nyuzi vikishaingiwa havioshwi vikatakata. Jiki tuliitumia kidogo, mwisho, peke yake. Kuichanganya na dawa ya kuoshea choo au kitu chenye amonia hutoa hewa ya sumu, na wapo wanaofanya hivyo wakidhani wanaongeza nguvu.

Kisha tukangoja, na hapo ndipo subira iliponipa shida, kwa kuwa mama alikuwa akilala ukumbini. Fundi alikataa kumwaga zege kwenye ardhi iliyoloa masika. Tulingoja mpaka kaskazi. Desemba tulivunja chumba cha mama: zege ya baba ilitoka kwa vipande vyembamba, na chini yake udongo bado ulikuwa na ubichi. Tukachimba, tukajaza mawe ya hadikoo, tukayashindilia, tukamwaga mchanga juu ili meno ya mawe yasitoboe nailoni. Nailoni yenyewe ilikuwa nzito, geji 1000, ikapandishwa ukutani pande zote na maungio yakalaliana kwa kipimo cha mkono. Ndipo ikaja zege ya inchi nne. Plasta ya sementi iliyokula chumvi tuliibandua mpaka juu ya kiuno, na mahali pake tukapaka chokaa.

Dada yangu alitaka kununua mkeka mwingine wa mbao mara zege iliposhikana. Mkeka wenyewe sina ugomvi nao, na juu ya sakafu iliyokatwa na ardhi unaweza kukaa salama. Lakini zege mpya ina maji yake, na mafundi huhesabu kama mwezi kwa kila inchi kabla ya kuifunika. Nilibandika kipande cha nailoni kama nilivyofundishwa, nikamwonyesha jasho, akakubali kungoja. Kilipotoka kikavu, aliyebadili nia alikuwa mama. Aliomba sakafu ipakwe nta nyekundu, akatandika mkeka wa ukindu, na ule wa mbao akaelekeza uende kwenye chumba cha wageni siku kitakapovunjwa.

Mjukuu anatumia dawa yake mara chache sasa. Bado ana pumu, na daktari alituambia mapema kwamba sakafu haitamponya, itampunguzia tu. Ukumbi na vyumba vingine vitatu bado viko juu ya zege ya baba, vitupu, madirisha wazi mchana kutwa, kwa kuwa fedha zilitosha chumba kimoja. Fundi ameshapima ukumbi na kutuandikia mahitaji: mawe lori moja, mchanga wa mtoni na si wa ufukweni, nailoni, sementi. Mawe tumeshanunua, yamemwagwa mbele ya baraza, na majirani wawili wamekuja kuuliza bei. Kaskazi ikikaza tutaanza.